Furaha, Usinunue Kule kwa Antenne

Furaha binti yangu, mama yangu,

Mambo ya safari sitaandika. Kwanga ya muhogo ya kula kwa njia, moskitere ya kuzuia mbu, dawa ya tumbo, kukaa katikati ya ile mashua ya baleinière hapana pembeni, hayo yote mama mukubwa Asina alishakuambia tangu asubuhi mpaka masikio yako ikachoka, na yangu vilevile. Mimi niko na neno moja tu. Mkono yangu iko nzito, unajua. Masomo yangu njo ile kidogo ya misioni kule Yanonge, na hata hivyo mwalimu alinipenda kushinda wote juu ya hesabu. Barua sikuzoea. Moteur ya baleinière haitaki barua, inataka sikio, na sikio sawa yangu haijazaliwa tena kwa huu mto. Alors usome pole pole.

Neno njo hii: usinunue ile parcelle ya juu, ile kiwanja ya Isangi kwa antenne ya telefone.

Najua, najua. Jana mimi mwenyewe nilisema ununue kule. Tulikuwa tunakula lituma ya ndizi, Isaac bwana yako akatoa telefone, akaniwekea picha mbele ya sahani.

"Papa, tazama. Huku juu njo mupya yote. Antenne iko hapa. Barabara itapita hapa. Na courant, ile umeme, wanasema itafika."

"Na ile ingine?"

"Ile ingine iko chini, nyuma ya soko ya Isangi. Moshi ya samaki, mbuzi ya watu, makelele."

Nikacheka kwa nguvu, unakumbuka. Nikasema, "Mutoto yangu si samaki ya kukausha! Nunua juu, bokilo, mukwe yangu. Watu wa mashua wakipita wainue kichwa, waseme: kule njo kwa binti ya Bolamba." Isaac akafurahi. Wewe ulikuwa unakusanya sahani. Ulisema neno moja tu, na sauti ya chini: "Papa, kule chini kuko mama moja alinipa kiti."

"Kiti?" nikasema. "Mutu ananunua nyumba juu ya kiti?"

Bokilo akacheka, mimi nikacheka, na wewe ukaenda kuosha sahani.

Tangu ile saa sijapata raha. Kuzungumuza tena mbele ya Isaac sikuweza. Kwetu mutu mukubwa hakati neno mbele ya bokilo yake halafu kesho anairudisha sawa mutoto anayerudisha mubadilo ya franga kutoka duka. Lakini kesho asubuhi munashuka libongo kupanda mashua, na mukifika Isangi Isaac atamwona commissionnaire wa kuuzisha parcelle, atamupatia franga ya kwanza, na franga ya parcelle ikitoka kwa mfuko hairudi. Donc niko naandika. Wewe na mama mukubwa muko mnafunga mizigo kule nyuma, nasikia munabishana juu ya sufuria.

Hakuna mutu kwa hii Kisangani alichagua quartier kwa akili mingi kama mimi. Ninaisema bila haya. Wengine walinunua pale walipokutana na franga na muuzaji. Mimi nilizunguka. Nilienda Mangobo, nilienda Kabondo, nilivuka mpaka Lubunga. Niliuliza, nilipima udongo kwa mkono. Ulikuwa haujazaliwa. Mama yako alikuwa anataka Mangobo, juu ya sababu dada yake, huyu Asina, alikuwa kule. Alisema, "Pale mutu akikohoa, jirani anamuuliza umekunywa dawa." Mimi nikamujibu, "Pale wanawasha taa ya mafuta ndani ya kopo. Mimi, fundi ya moteur, nilale na kopo?"

Nilitaka courant. Sitaficha. Mutu ameshinda siku yote ndani ya mafuta na moshi, jioni anataka kugusa ukuta na nyumba inakuwa mchana. Nikafikiri na akili yangu ile kubwa: courant inatoka wapi? Inatoka kwa barrage ya Tshopo, ile ukuta ya kuzuia mto. Basi nitakaa karibu na barrage. Mwenye kulala karibu na sufuria hakosi ukoko. Nikatafuta ndani ya commune Tshopo, mpaka nikapata hii parcelle tulipo, maji ya barrage inasikika ukinyamaza, na nyaya nene inapita juu angani. Yule aliyeniuzia alinionyesha zile nyaya na kidole, akasema, "Papa, hii yote itashuka kwako." Nikaamini. Hapana juu nilikuwa mujinga. Juu nilikuwa mutu wa machine, na mutu wa machine anaamini kama karibu na moteur kuko nguvu.

Nikajenga matofali ya kuchoma, bati mupya, sakafu ya simenti. Nikafunga ampoule ya taa kabla ya courant kufika: salon, vyumba, baraza, hata choo. Nilikuwa wa kwanza kwa avenue kufunga ampoule ndani ya choo. Nikaita watu, nikachinja mbuzi. Mzee moja ya avenue alizunguka nyumba yote kichwa juu, halafu akaniuliza mbele ya watu wote, "Ndugu, hii matunda yako itaiva lini?"

Wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Na tangu siku ile avenue yote ikaita hapa kwa Matunda. Hata kwa toleka, zile baiskeli ya kubeba watu, mutu akipanda anasema tu, "Unipeleke kwa Matunda." Wewe ulikua ukifikiri ni jina ya ukoo.

Ile nyaya haikushuka. Inapita juu yetu inaenda kwa wengine, mpaka leo. Mimi njo nilisikia barrage ikinguruma, na mama yako alipika na kuni. Nilinunua hata frigo ya kutia chakula baridi. Unaijua, ulitia ndani madaftari yako. Mama yako alitunza unga ya fufu pale, juu panya haikuweza kufungua mlango. Frigo ingine ya Kisangani ilikufa yote, yangu haijaharibika hata siku moja.

Bon. Kukosa taa si kitu. Watu wengi wanakosa taa na wananenepa. Nataka nikuambie kitu ingine, ile sikuiona wakati ule na akili yangu yote.

Kila mutu ya hii avenue alikuja juu ya ile ile ahadi. Agent ya serikali alinunua, akaweka mpangaji, yeye mwenyewe akangoja wamuhamishe. Mufanya biashara alijenga nusu, akasema nitamaliza courant ikifika. Mwingine alipanda miti nne ya mipaka kwa pembe nne, akafunga kamba, akaenda Bunia, hatujamuona tena. Hakuna aliyepanda hata muti moja ya matunda ya safu, juu safu inataka miaka, na sisi wote tulikuwa wa kesho. Leo unasalimia mutu, mwezi ujao kwa mlango ile iko mwingine, na yeye hajui jina yako na hana lazima ya kuijua. Hawakuwa wabaya. Wako watu wazuri sana, mmoja alinisaidia siku moja kubeba moteur mpaka libongo. Ilikuwa tu kama watu ndani ya baleinière, kila mutu anatazama fasi yake ya kushuka.

Na mimi nikaongeza yangu. Kulikuwa mama moja alikuja kuuza makala, makaa ya kupikia, kwa mlango yetu, anakaa chini na mifuko yake myeusi. Nikamufukuza. Nikasema nyumba ya durable, ya matofali na simenti, haiuzi makala mbele. Mama yako hakupiga kelele. Alisema tu, "Yule njo alikuwa ananiletea habari."

Sikuelewa. Nikafikiri habari ya nini, radio iko.

Halafu ikaanza ile ya kwenda Mangobo. Asubuhi nikienda libongo, yeye anakufunga mgongoni, anatembea kwa mguu mpaka kwa Asina, anarudi jua ikishuka. Siku moja nikawahi nyumbani, nikakuta mlango imefungwa na makuku ndani ya baraza. Alipofika tukagombana.

"Kila siku Mangobo! Unaenda kutafuta nini kule? Huku unakosa nini? Simenti iko, bati iko."

"Naenda kutafuta mutu wa kunisalimia, Bolamba."

"Mimi sikusalimii?"

"Wewe unanisalimia kama chef ya mashua. Umefika, iko chakula?"

Nikacheka, juu ni kweli. Lakini nilifikiri ni maneno ya wanawake, itapita. Haikupita. Mama yako alikuwa mutu ya Maniema, alikuja huku akiwa binti, na mutu aliyetoka mbali anahitaji jirani kushinda mutu wa ile fasi. Mimi niko wa mto, kila libongo kutoka hapa mpaka Basoko kuko mutu wa kuniitia, "Fundi! Shuka tunywe!" Yeye alikuwa na Asina tu, na nilimuweka mbali na Asina juu ya nyaya.

Sasa nikuambie ile ya ugonjwa, juu ulikuwa mudogo na wamekuambia vibaya. Najua wamekuambia mimi nilimupeleka mama yako Mangobo juu nilishindwa kumuuguza. Sikushindwa. Nilikuwa nachota maji mwenyewe, napika mwenyewe, na nilipika vizuri. Aliyetaka ni yeye. Asubuhi moja alikaa kwa kitanda, akafunga kitambaa kwa kichwa, akasema, "Nipeleke kwa watu."

Nikasema, "Watu njo sisi."

Akasema, "Bolamba, nikilia hapa nani atasikia? Unakwenda kazi. Nipeleke kwa watu."

Nikaita toleka. Yule wa baiskeli alimukalisha kwa kiti, mimi nikatembea nyuma, mkono yangu kwa mgongo yake asianguke, wewe pembeni yangu na ndoo. Nilikuwa na hasira, sawa mutu aliyetukanwa mbele ya wenzake. Nilifikiri: nimemujengea nyumba ya durable, anakwenda kulala kwa nyumba ya udongo.

Tulipoingia avenue ya Asina, hatujafika hata kwa mlango, wanawake walishatoka. Mmoja akashika kichwa cha mama yako, mwingine akashika miguu, mwingine akapokonya ndoo kwa mkono yako, sijui hata alitoka wapi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mama moja munene akaniambia, "Papa, wewe kaa pale, usitufungie njia." Mimi, fundi Bolamba! Nikakaa.

Alikufa kule. Na matanga ikawa kule.

Unajua nini maana yake kwetu. Matanga inalala kwa nyumba ya marehemu. Ndugu zangu walipanda na mutumbwi kutoka Yanonge, wakafika hapa kwa Matunda, wakakuta kufuli. Wakauliza jirani. Jirani akasema hajui, yeye ni mupya. Wakazunguka na mizigo ya samaki na ndizi mpaka mutu wa toleka akawapeleka Mangobo. Kaka yangu mukubwa alinikuta nimekaa chini ya bâche, ile turubai ya matanga, akaniinamia kwa sikio:

"Uko na nyumba ya matofali, na bibi yako wanamulilia kwa nyumba ya wengine?"

Nikasema uongo. Nikasema, "Kule naongeza chumba, kuko simenti mubichi."

Hakuamini. Alinipiga begani kidogo tu, akaenda kukaa na wanaume wengine. Sijasahau ile mkono.

Na nilitazama, Furaha, juu sikuwa na kazi ingine. Hakuna mutu aliitwa. Watoto walikuja kila mutu na kiti ya kwao kichwani. Mama moja alileta kuni, akaziweka, akarudi kuchukua ingine, hata hakuuliza kama iko ya kutosha. Vijana walifunga bâche kwa miti mbele ya nyumba ya jirani, na jirani mwenyewe njo aliwaonyesha fasi ya kupiga musumari ndani ya ukuta yake. Ndani ya ukuta yake! Mimi ningepigana na mutu. Nilikaa pale nikajiuliza: kama nililazimisha, kama nilisema hapana maiti inalala kwangu, nani angekuja? Nilitafuta mlango moja moja ndani ya avenue yetu na akili yangu. Sikupata hata kiti moja.

Wewe ulilala kwa watoto ya Asina, na huko njo ulikulia zaidi kuliko hapa. Nilikuwa nasema kwa watu, nimemupeleka juu ya shule. Haya.

Courant ilifika baadaye, unakumbuka, ulikuwa kwa shule ya secondaire. Walivuta nyaya ndogo mpaka kwa avenue. Siku ya kwanza nilisimama kwa salon, nikagusa ukuta, na ampoule yote ikawaka. Nilikuwa peke yangu. Niliona vizuri sana. Niliona kiti zote, na vumbi juu ya kila moja. Nikazima. Watu wanasema Bolamba anatunza courant juu anaogopa facture ya kulipa. Waache waseme.

Donc sasa Isangi.

Isaac si mutu mubaya, na hakosei kupenda antenne. Kazi yake ni telefone na crédit ya kupigia, antenne njo shamba yake. Mimi pia ningekuwa kijana leo ningenunua pale bila kusikiliza mutu, na ningefunga ampoule kwa choo. Lakini wewe uliniambia mwenyewe: kule juu mulizunguka na commissionnaire, hamukumuona mutu hata moja, mulikuta miti ya mipaka tu na kibao. Kila mutu amenunua, hakuna aliyekuja. Naijua ile fasi. Sijaiona, lakini naijua, nimelala ndani yake miaka yote hii. Na Isaac atakuwa anapanda huku Kisangani kutafuta bidhaa, wiki hii iko, wiki ile haiko. Moteur ikikufa kwa njia, ongeza siku. Na wewe uko na hiyo tumbo, mutoto ndani.

Utakaa na nani? Antenne haichemushi maji.

Sisemi ile ya chini ni paradiso. Nyuma ya soko kuko kelele, kweli, na moshi itaingia hata ndani ya matandiko. Uulize mto inafika wapi wakati ya maji mingi, usimuulize muuzaji, uulize watoto, wao njo wanaoga pale. Na yule mama ya kiti simujui. Pengine ni mugomvi. Pengine aliona mguu yako imevimba tu akakuhurumia siku moja. Usinunue juu yake peke yake, hapo nilisema kweli jana, ingawa nilisema vibaya.

Fanya hivi. Mukifika, kabla ya Isaac kumuona commissionnaire, nenda ukae kwa ile kiti. Asubuhi nzima. Usiulize kitu juu ya parcelle. Menya ndizi yake, umusaidie kugeuza samaki. Utazame watoto ya pale. Mutoto akianguka, nani anamuokota? Kama ni mama yake tu, ondoka, utafute fasi ingine, hata kama iko na courant mchana na usiku. Kama ni yule aliye karibu, na anamupiga kidogo kwa matako halafu anamupangusa pua, hapo kuko watu. Mimi nilipima udongo kwa mkono, nilipima umbali ya nyaya, hii sikuipima.

Na Isaac asipoteze kazi. Nimefikiri, juu kufikiri njo kipaji yangu. Achukue kibanda kidogo kule juu chini ya antenne, ya kukodi, aweke panneau ya jua, auze crédit mchana. Duka ikae juu, kitanda ikae chini. Atatembea. Ni kijana, miguu iko.

Bon, imebaki ngumu. Nilitaka kukuandikia kama umuambie Isaac ni wewe umekataa, mimi nibaki na neno yangu ya jana nzima, bila ufa. Nilishaandika hivyo kwa karatasi ingine, nikaipasua. Ukisema ni wewe, atakujibu papa alisema juu, na yuko na haki, nilisema. Utakaa unabishana naye mpaka Isangi, na mwanaume akishasifiwa na bokilo yake hashuki kwa urahisi. Mimi najua, mimi njo nilimupandisha.

Alors umusomee hii barua. Ndani ya baleinière, kwa sauti, hata watu wa mizigo wasikie. Soma ile ya toleka. Soma ile ya kufuli na ndugu zangu. Akicheka, acha acheke, nimechekewa na wakubwa kushinda yeye. Mwambie papa jana alisema juu, na leo papa anasema chini, na papa ni yule yule. Akikasirika, aje anigombanie mimi, niko hapa, siendi fasi.

Nimechoka, mama yangu. Si ugonjwa, usianze kuogopa. Ni kuchoka tu ya mutu aliyengoja kitu kwa fasi mubaya. Siombi unijengee chumba kule, usije ukaanza na ile maneno. Nitakufa kwa Matunda, kichwa ngumu ndani ya nyumba ngumu, nimeshazoea.

Wewe nataka kitu moja. Siku uchungu itakushika, na Isaac iko mbali kwa mto, uite jina ya mutu kupitia ukuta, na ule mutu aitike.

Ni mimi papa yako,
Bolamba